Ramani ya apatimenti Katubuka: vyumba viwili mita 72 au vitatu mita 84? Naombeni msaada kuisoma

MamaWatatu_Mwanga

Habari za jioni wadau, poleni na majukumu. Kuna jambo limeninyima usingizi wiki nzima naomba mnisaidie. Tunapanga hapa Mwanga, Kigoma, vyumba viwili na sebule kwenye nyumba ya uani, choo tunachangia na wapangaji wengine. Tupo mimi na baba watoto na watoto watatu, wa kike ana miaka 13, wa kiume 9 na mdogo wake 6. Na kuanzia mwezi wa pili bibi yao anatoka Kasulu kuja kukaa na sisi moja kwa moja maana ana kliniki hospitali ya Maweni kila mwezi na magoti yanamsumbua, zile safari za kwenda na kurudi zimemchosha kabisa.

Sasa kuna mtu anajenga ghorofa ya apatimenti upande wa Katubuka, chini na juu mbili, nguzo na slabu zimeshasimama zote ila kuta za ndani ndio wanaanza kupanga tofali. Anapokea wapangaji mapema, unalipa miezi sita unachagua yako kwenye ramani. Aina A ni vyumba viwili, skwea mita 72, laki mbili na themanini kwa mwezi. Aina B vyumba vitatu, skwea mita 84, laki tatu na nusu. Dalali kanitumia picha WhatsApp nikaenda kuiprinti stesheneri, wakanitolea kwenye A4.

Shida yangu siielewi hata kidogo. Kuna namba 3300 x 3000, kuna mishale, kuna nusu duara kwenye milango, D2, W1, mistari ya nukta nukta, viboksi vyeusi. Chini imeandikwa 1:100 kwenye A3. Nimechukua rula ya mtoto nikapima sebule nikapata sentimita tatu na nukta sita, mtu akaniambia 1:100 maana yake sentimita moja ni mita moja, kwa hiyo sebule mita tatu na nukta sita, lakini dalali anasema mita tano, sasa nani anasema kweli?

Naziandika hapa kama zilivyo. Aina B: masta 3300x3000, choo chake 1500x1800, chumba cha pili 3000x2700, cha tatu 2700x2400, sebule na daining 5100x4200, jiko 2700x2400, choo cha pablik 1500x1800, stoo 1200x1000, korido 6500x1200, varanda 4000x1500. Aina A: masta 3900x3300, choo 1500x1800, chumba cha pili 3600x3300, sebule 5100x4200 vilevile, jiko 2700x2100, choo cha pablik 1500x1800, kikorido 1500x1200, varanda 3000x1500.

Watu sita. Nichukue ipi? Moyo unaniambia B kwa sababu ni kubwa lakini elfu sabini kila mwezi kwetu sio pesa ndogo.


Mistari na Kona (Gungu)

Dada habari, kazi yangu ni kuchora ramani, ngoja nikujibu taratibu maana umeuliza vitu vya msingi kabisa ambavyo watu wengi wanaona aibu kuuliza wanaishia kulipa.

Kwanza rula. Dalali hajakudanganya na wewe hujakosea kupima. Ramani ilichorwa iprintiwe kwenye A3, wewe umeitoa kwenye A4 ambayo ni nusu yake, kila mstari umepungua urefu, kwa hiyo sentimita moja ya karatasi yako sio mita moja tena, ni kama mita moja na sentimita 41. Zidisha 3.6 mara 1.41 unapata 5.1, hiyo hapo sebule yako. Ndio maana sisi tunasema usipime mchoro, soma namba, hasa mchoro uliopita WhatsApp. Na namba hizo ni milimita, 3300 ni mita tatu na sentimita 30, ondoa sifuri ya mwisho unapata sentimita, basi. Ukitaka futi gawa sentimita kwa 30 na nusu, kwa hiyo 3300 inakaribia futi 11.

Halafu ujue namba hizo mara nyingi ni kutoka tofali hadi tofali kabla ya plasta. Plasta inakula kama sentimita moja na nusu kila upande, chumba cha 2700 ukiingia na tepu utakuta 267. Ni kidogo ila kitanda na kabati vikibanana sentimita tatu ni nyingi.

Robo duara kwenye mlango inakuonyesha mlango unafungukia wapi, pale unapoanzia mstari ndipo zilipo bawaba na eneo lote ndani ya ile robo duara lazima libaki wazi siku zote. D na W ni milango na madirisha, D2 ni mlango wa aina ya pili, kwenye karatasi nyingine ya ramani kuna jedwali linasema D2 ina upana gani, liombe hilo jedwali, hasa mlango wa choo maana wengi wanaweka 700 na kwa mgonjwa wa magoti anayeshikwa mkono 700 ni mbano. Mistari ya nukta ni kitu kilichopo juu ya kichwa chako, boriti au ukingo wa paa. Viboksi vyeusi ni nguzo za zege, hizo hazihami na hazikatwi na mara nyingi zinatokeza ndani ya chumba kuliko ukuta, angalia zipo kona gani kabla hujaota kuweka kabati hapo.

Sasa ukubwa. Hapa naomba usome vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapotea. Hiyo 84 ni nje kwa nje, mita kumi na nusu kwa nane, ndani yake kuna unene wa kuta, varanda na korido. Nimejumlisha vyumba vyako vyote vya B pamoja na choo, jiko na stoo, nimepata skwea mita 59. Varanda inachukua 6, korido karibu 8, kuta zinakula zaidi ya 11. Nikafanya hivyohivyo kwa A, vyumba vyote na jiko na vyoo ni 57. Varanda nne na nusu, kikorido haifiki mbili, kuta nane na nusu.

Umeona? Kwenye karatasi B inaizidi A mita 12 lakini sehemu ya kuishi inaizidi mita mbili tu. Sebule ni ileile. Ile elfu sabini hununui ukubwa, unanunua ukuta mmoja na mlango mmoja wa ziada, na vyumba vya kulala vya B vimefinywa ili hicho cha tatu kipatikane. Ukigawa kodi kwa mita unazoishi, A ni kama 4,900 na B kama 5,900.

Sisemi B ni mbaya. Nasema ujue unalipia nini, halafu ujiulize kama huo mlango mmoja unauhitaji.


Boti ya Kibirizi

Mkuu hapo juu kamaliza. Dada chukua A macho yamefumba. Watoto wa kiume walaze sebuleni godoro linatandikwa usiku asubuhi linakunjwa, sisi wengine tumekulia hivyo saba kwenye vyumba viwili na hatukufa. Binti na bibi yake chumba kimoja cha 3600 kwa 3300 ni kikubwa, wanapumua. Hiyo elfu sabini kwa miezi sita ni laki nne na ishirini, hiyo ni ada na sare na madaftari na inabaki.


Mzee wa Ujiji

Mwanangu wa Kibirizi nakuheshimu lakini hapo sikubaliani na wewe. Na mimi nimekulia hivyohivyo, kulala sebuleni mpaka nimemaliza shule ya msingi. Unajua maana yake? Maana yake mgeni akija saa tatu usiku wewe hulali mpaka aondoke. Baba akirudi amechoka anataka kusikiliza taarifa ya habari wewe unasubiri. Una mtihani kesho, unasubiri. Hakuna aliyenitesa, wazazi wangu walinipenda sana, lakini mtoto asiye na mahali pa kulala panapojulikana kuwa ni pake anakua na usingizi wa kuazima. Hao wa miaka 9 na 6 kesho kutwa watakuwa na miaka 14 na 11.

Kuhesabu vichwa tu hakutoshi mama. Wale wa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wanahesabu chumba kimejaa kupita kiasi wakizidi watu watatu, kwa hesabu hiyo sita kwenye vyumba viwili mmefaulu, lakini kwetu sisi swali ni nani analala na nani. Baba na mama hawalali na mtu. Binti wa miaka 13 halali na kaka zake. Bibi anaweza kulala na mjukuu wa kike na ni jambo jema, watapiga hadithi. Wavulana wawili pamoja. Hayo ni makundi matatu, kwa hiyo ni milango mitatu, na makundi hayapungui kwa sababu pesa ni ndogo. Bora chumba kidogo chenye mlango.

Jambo la pili, angalia mlango wa choo cha pablik unatazama wapi. Ukiona kwenye ramani mlango wa choo unafungukia sebuleni uso kwa uso na makochi hiyo nyumba itakupa aibu kila siku ya wageni. Ukiwa koridoni ni salama. Na kama nyumba yenu ni ya kuswali, tafuta ule mshale wa kaskazini pembeni ya mchoro, kibla kwetu hapa Kigoma ni kaskazini ikiegemea kidogo mashariki, angalia sinki la choo limeelekea wapi, usije ukaingia ukakuta mnaelekea kibla au mnakipa mgongo. Saa hizi kuhamisha bomba bado ni rahisi, tailizi zikishawekwa basi tena.


Sombe na Migebuka

Shoga mimi nimekaa ghorofa ya pili miaka minne hapa hapa Kigoma, wanaume wameongea milango na kibla sasa nisikilize habari ya jiko.

Jiko la 2700 kwa 2400 ukiliangalia kwenye ramani linaonekana linatosha. Lakini toa meza ya zege upana wa sentimita 60 pande mbili, inabaki njia ya mita moja na ishirini hivi. Hapo weka friji, mtungi wa gesi, ndoo za akiba za maji maana yakikatika huwezi kushuka na kupanda kila dakika. Kisha fikiria unasonga ugali wa watu sita, ugali unahitaji mguu mmoja nyuma na mkono upite, sio kusonga umebana viwiko. Angalia mlango wa jiko kwenye mchoro, kama unafungukia ndani mwombe ufungukie nje au usiwekwe kabisa, ule mlango ulinila mimi nafasi ya friji nikaiweka sebuleni miaka minne. Jiko la A ni 2100, yaani meza pande mbili zinabaki sentimita 90, hapo watu wawili hawapishani.

Na uliza moshi unatokea wapi. Jiko lazima liwe na dirisha lake la nje na likiwa na mlango wa kutokea varanda ni bora zaidi, maana mkaa utautumia tu, maharage nani anapika kwa gesi siku hizi bei ilivyo. Ukikaanga migebuka na jiko limefungukia sebuleni bila ukuta kama wanavyopenda kuchora siku hizi, mapazia yote na makochi yananuka wiki.

Lingine ambalo halimo kwenye ramani yoyote, kinu. Mimi ni mtu wa sombe, yaani kisamvu, siku ya kwanza nimeweka kinu varanda nikaanza kutwanga, jirani wa chini akapanda mbio kudhani jengo linaanguka. Ikabidi niwe natwangia kwa shangazi Gungu na kurudi na sombe kwenye ndoo. Bibi kutoka Kasulu asipotwanga sombe yake atajiona yuko hospitali. Na hayo magoti! Ngazi kumi na nane za zege asubuhi na jioni, kliniki kila mwezi, hapana. Chukua chini. Hata ikibidi usubiri chini ipatikane, subiri.


Nyuki wa Miombo (Tabora)

Mwangaluka wana Kigoma. Nipo Ipuli Tabora, nimejenga na kupangisha kidogo, naomba niongeze la jua kwa sababu naona hakuna aliyeligusa.

Sisi na nyie tupo karibu nyuzi tano kusini ya ikweta, jua la saa sita liko juu ya utosi karibu mwaka mzima, mwezi wa sita linaegemea kaskazini kidogo na mwezi wa kumi na mbili kusini kidogo, hilo ukingo wa paa au slabu ya juu unalizuia. Jua linalotesa ni la saa tisa mpaka saa kumi na mbili, linaingia limelala kutoka magharibi na hakuna ukingo unaolizuia. Ukuta wa tofali unameza joto jioni yote halafu unalitoa usiku mkiwa mmelala. Huku kwetu mwezi wa kumi kabla mvua haijashika, chumba chenye ukuta wa magharibi mtu anatoa godoro nje.

Sasa kwenu ziwa liko magharibi! Kila mtu anayeuza au kupangisha Kigoma atakuambia vyumba vya mbele vinaona ziwa, na ni kweli ni pazuri jioni, lakini chumba kinachoona ziwa ndicho kinachopigwa na jua la alasiri. Sebule na varanda kuelekea ziwani sawa kabisa, mtakaa pale magharibi ikiingia upepo unakuja. Vyumba vya kulala angalia viko upande gani na kila kimoja kina madirisha kwenye kuta ngapi. Dirisha moja halileti upepo, upepo unataka pa kuingilia na pa kutokea. Apatimenti ya kona ina kuta tatu za nje, ya katikati ina mbili tu. Kama kodi ni ileile usikubali ya katikati.

Mita mbili za ziada au zimepungua hutazikumbuka baada ya mwaka. Chumba cha moto utakikumbuka kila usiku.


Boti ya Kibirizi

Mzee wa Ujiji nimekuelewa na nimekaa nimefikiria, hilo la usingizi wa kuazima limenigusa maana ni kweli tulikuwa tunasubiri wageni waondoke. Narudisha neno langu kuhusu sebuleni. Ila dada kabla hujalipa hakikisha hicho chumba cha tatu kinaingia kitanda kweli, 2700 kwa 2400 mimi naona ni stoo.


MamaWatatu_Mwanga

Jamani asanteni, sijui niwalipe nini. Nimesoma yote mara tatu na baba watoto nimemsomea. Naomba niwape nilichofanya leo maana kimenifungua macho.

Jirani yangu hapa ni fundi, nikaazima futi kamba. Mchana nikafagia uwanja, nikachukua majivu ya jikoni nikaanza kuchora ile B chini, chumba kwa chumba, kwa zile namba nimetoa sentimita tatu za plasta kama alivyosema kaka wa Gungu. Watoto wakadhani ni mchezo wakanisaidia kushika kamba. Vitanda nikapima vya kwetu kabisa na mbao zake maana kumbe kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita ukihesabu mbao kinafika sentimita 115 kwa 195. Deka ya wavulana, kile kitanda cha juu na chini, ni hivyohivyo.

Nilichokiona. Chumba cha pili, 297 kwa 267, vitanda viwili vya bibi na binti haviingii vizuri. Ukiviweka sambamba katikati inabaki sentimita 37, bibi na magoti yale hapiti, na ukivigeuza miguuni inabaki 72 tu, kabati na njia havitoshei. Nikakaa chini pale kwenye majivu nikakata tamaa. Binti yangu ndiye akasema mama si walale masta. Nikachora vitanda masta, 327 kwa 297, katikati imebaki 67, miguuni inabaki nafasi ya kabati na njia. Na choo kiko humohumo ndani, bibi akiamka usiku hatembei korido gizani! Sisi na baba watoto kitanda chetu ni tano kwa sita kinaingia chumba cha pili kikisogezwa ukutani, upande wa kupita unabaki mita moja na kabati linakaa mwisho wake. Nilidhani baba watoto atakataa maana masta kila mtu anajua ni ya wenye nyumba, lakini alinyamaza kidogo akasema mama yangu alinilaza kitandani kwake mpaka nimekua, na yeye alale pazuri.

Chumba cha tatu, 267 kwa 237. Deka inakaa vizuri ukuta wa kaskazini, inabaki 122 ubavuni, meza ya kusomea chini ya dirisha inaingia. Kilichonishinda ni mlango. Kwenye ramani mlango uko katikati ya ukuta wa korido na ile robo duara inafungukia upande wa deka, nikachora mlango wa sentimita 80 ukifunguka nikaona unagonga mguu wa deka na kabati halina pa kukaa. Mdogo alikuwa amejilaza pale kwenye deka ya majivu, nikamuonyesha kaka yake awe mlango, afungue mkono, mkono unamgusa mdogo wake. Ndio nikaelewa ile nusu duara ni nini.

Kaka wa Gungu naomba unijibu, mlango unaweza kuhama?

Kuhusu jua, mshale wa kaskazini nimeuona, sebule na varanda ziko magharibi, masta ni ya kona ina dirisha kubwa kaskazini na dogo magharibi, vyumba viwili vidogo viko mashariki. Choo cha pablik kinafungukia korido. Chini imebaki B moja ya kona.


Mistari na Kona (Gungu)

Dada umefanya kazi ambayo wateja wangu wengi hawaifanyi na wanajenga nyumba nzima.

Mlango unahama, na bila gharama yoyote kama tofali za ukuta huo hazijapangwa. Jengo hilo linabebwa na nguzo, kuta za ndani ni za kugawa tu. Mwambie ausogeze kuelekea kona ya kusini, aache kama sentimita 10 ya kukaa fremu, na bawaba ziwe upande huohuo wa kusini ili mlango ukifunguka ulale kwenye ukuta wa kusini. Hapo ile kona kati ya mlango na deka inabaki wazi, miguuni mwa deka una sentimita 72, linaingia kabati jembamba la 70 likiwa limeegemea ukuta wa kaskazini na linafunguka bila kugusa kitu. Ila ukifika saiti angalia kwanza kona hiyo kama kuna nguzo imetokeza, kiboksi cheusi, maana nguzo ikiingia ndani sentimita 10 kabati hilo halikai, litafute la 60.

La masta, lile dirisha dogo la magharibi usikubali liondolewe kwa sababu ya jua, hilo ndilo linaloutoa upepo wa dirisha la kaskazini. Mwombe aweke kizuizi cha zege juu na pembeni yake, pazia zito mtaweka wenyewe. Na mlango wa choo cha masta uliza upana, kama ni 700 omba 800 na ufungukie nje sio ndani, mtu mzima akidondoka chooni mlango wa kufungukia ndani unagoma kufunguka kwa sababu mwili umeuzuia. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye familia yangu.

Usikubali maneno ya mdomo. Printi ramani kwenye A3, chora mabadiliko kwa kalamu nyekundu na sentimita zake, mwenye nyumba asaini juu ya karatasi hiyohiyo na wewe usaini, iambatane na mkataba, kila mtu abaki na nakala. Fundi wa saiti anafuata karatasi iliyopo mkononi mwake, kwa hiyo yeye pia apate yake.


Sombe na Migebuka

Na mlango wa jiko usisahau uandike kwa hiyo kalamu nyekundu!


MamaWatatu_Mwanga

Umeandikwa shoga, upo wa kwanza kabisa. Nimempigia mwenye nyumba jioni hii, amesema ukuta wa chumba cha tatu pale chini mafundi wanaanza Jumatatu asubuhi, kwa hiyo Jumamosi saa nne naenda saiti mimi, baba watoto, ile futi kamba na A3 yangu. Majivu bado yako uwanjani, nimewaambia watoto wasiyafute mpaka nirudi, na wavulana wameshagawana nani analala juu nani chini.